Hana adabu, fidhuli, jeuri, au ni mshamba tu?

Juzi nilikuwa kwenye foleni, foleni ya kawaida tu ya ofisini, watu kama kumi na tano hivi tumesimama kila mtu na karatasi zake, akaja jamaa mmoja simu sikioni akapita moja kwa moja mpaka dirishani akaanza kuongea na mhudumu kama vile sisi wengine ni nguzo za jengo. Kijana aliyekuwa mbele yangu akasema "huyu mshamba nini?" Mama mmoja nyuma akasema "hiyo dharau hiyo." Mwingine akatoa lile la siku zote, "hana adabu." Halafu kulikuwa na mzee mmoja kimya muda wote, akasema taratibu kabisa, "fidhuli huyo."

Mtu mmoja, kitendo kimoja, majina manne. Badala ya kukasirika nikajikuta nimesimama pale nawaza nani kati yao kapatia.

Maana kabla ya siku ile ungeniuliza ningekwambia yote ni yale yale, mtu mwenye tabia mbaya basi. Na kamusi nazo mara nyingi zinakuzungusha, unatafuta neno hili unapewa lile, ukienda kwa lile unarudishwa hapa. Ila ukisikiliza watu wanavyoyatumia utaona kila neno linajibu swali lake: je huyu hajui, au anajua na hajali, au anajua na anakuona wewe si kitu, au anajua kwamba huna la kumfanya? Ubaya wenyewe ni ule ule unaouona kwa macho. Kinachobadilisha neno ni unachodhani kiko ndani ya mtu.

Tuanze na adabu maana ndiyo tunayoisema kila saa. Imetoka kwenye Kiarabu, na huko kwao neno hilo hilo linabeba fasihi pia, yaani mtu wa adabu ni mtu aliyefunzwa, aliyepigwa msasa. Sisi tulichukua msasa tukaacha vitabu. Ndio maana kwa Kiswahili adabu ni kitu kinachotiwa ndani ya mtu kutoka nje: anafunzwa adabu, anashika adabu, na akikaidi anatiwa adabu kwa nguvu, neno lile lile ghafla limekuwa adhabu. Ambaye haikumwingia anaitwa mtovu wa adabu, mtovu yaani aliyepungukiwa, kama vile mtovu wa fadhila au mtovu wa nidhamu. Sasa hapo kuna mtego ambao watu wengi hawauoni mpaka ugomvi umeshawaka. Kama adabu inatiwa, basi ukisema fulani hana adabu umemgusa na yule aliyetakiwa kumtia. Ndio sababu "hana adabu" inaweza kupita kwa shida, lakini "wewe hukufunzwa kwenu" haipiti, hapo umeshaingia ndani kwa mama yake na huko hukualikwa.

Heshima ni kitu kingine ingawa tunayachanganya sana. Adabu mtu anayo hata akiwa peke yake chumbani, heshima inataka watu wawili, inatoka kwa mmoja inakwenda kwa mwenzake. Unampa mtu heshima yake. Na mimi hapa ndipo napapenda zaidi, kwenye vitenzi, kwa sababu Kiswahili kimeweka kesi nzima kwenye silabi moja. "Amenivunjia heshima" maana yake mimi ndiye niliyeumia. "Amejivunjia heshima" maana yake yeye ndiye aliyeanguka, mimi nipo tu naangalia. Kitendo kinaweza kuwa kimoja kabisa, mtu kapayuka mbele za watu, lakini ukichagua -ni- umejiweka kwenye kiti cha mlalamikaji na ukichagua -ji- umekaa kwenye kiti cha mtazamaji na yeye ndiye mwenye aibu yake. Watu wenye akili ya maneno huwa wanachagua -ji-, inauma zaidi na hakuna tusi lililotoka.

Kuna na tofauti ya wakati. "Amekosa adabu" ni habari ya leo, ya tukio, kesho inaweza kuwa imeisha. "Hana adabu" ni hukumu, umeshamfungia faili. Na katikati kuna "amenikosea adabu", ambayo naiona ndiyo yenye faida kuliko zote maana inataja kosa, inataja aliyekosewa, na inamwachia mtu mlango wa kusema samahani. Jaribu kumwambia mtu huna adabu halafu subiri akuombe msamaha, utakaa sana. Ataanza kujitetea yeye ni nani na kwao ni wapi, na lile kosa lenyewe litasahaulika pale pale.

Haya, turudi kwa yule kijana aliyesema mshamba. Kwa kweli alikuwa anamtetea yule jamaa bila kujua. Ushamba ni kutojua, mtu wa shambani amefika mjini hajui taratibu, kwa hiyo mshamba akipita mbele ya foleni ni kwa sababu hajajua kama kuna foleni. Ukimweleza anarudi nyuma na anaona haya. Neno lenyewe halimtendei haki mtu wa shamba, maana watu wa shamba ninaowajua mimi wanasalimia kuliko sisi, lakini ndivyo lilivyokaa, mjini kumejipa cheo cha kuwa kipimo cha tabia za watu wote.

Na si hilo tu. Maneno yetu mengi ya kundi hili yana historia ya nani alijiona juu ya nani. Ustaarabu, ambao leo tunausifia kila mahali, ukiufungua ndani yake kuna Uarabu, mzizi wake kwa Kiarabu ni kuwa kama Mwarabu. Uungwana ni hali ya muungwana, na muungwana hapo zamani alikuwa mtu huru, asiye mtumwa, halafu ndio likaja kuwa neno la mtu mwenye mwenendo mzuri, kana kwamba mtumwa hakuweza kuwa nao. Ushenzi ndio mbaya zaidi. Watu wa pwani waliwaita washenzi watu wa bara waliokuwa nje ya dini yao na nje ya maisha ya miji yao, baadaye wazungu wa enzi za ukoloni nao wakalidaka likaingia mpaka kwenye Kiingereza chao cha huku Afrika Mashariki. Kwa hiyo mtu anaposema "acha ushenzi" kwa sababu umetupa taka njiani, ana hoja, ila silaha aliyoiokota ni ya vita vingine. Mimi mwenyewe hili nimeliacha. Na kichekesho ni kwamba mjini utasikia mtu akikemewa "acha uswahili", maana yake acha maneno mengi na ujanja ujanja, na anayekemea anasema hivyo kwa Kiswahili.

Mzee yeye alisema fidhuli, wengine husema fedhuli, lote ni moja. Hili nalo ni la Kiarabu, na asili yake ni mtu anayejiingiza kwenye yasiyomhusu, mdakizi, mtu wa kuzidisha. Kwetu likageuka kidogo likawa ukosefu wa adabu wenye kiburi ndani yake, lakini ukilisikiliza vizuri ile harufu ya kuzidisha bado ipo. Fidhuli ni mtu anayeuona mpaka na anauvuka. Anajua kuna foleni. Anajua wewe ni mkubwa wake. Anajua swali lile haliulizwi mbele za watu, na analiuliza. Kwa hiyo kati ya mshamba na fidhuli tofauti ni moja tu, kujua, na ndio maana mzee alisubiri. Nadhani alikuwa anamwangalia jamaa macho kwanza kama ametuona au hajatuona. Alituona.

Jirani yake fidhuli ni mjuvi, na hapa kuna kitu kizuri cha lugha. Mjuzi, mjuaji, mjuvi, wote watatu wametoka kwenye kujua. Mjuzi ni sifa, mtu mwenye ujuzi wake. Mjuaji ni yule anayejua kila kitu, umemuuliza hujamuuliza anajibu. Mjuvi ni yule anayejua yasiyo ya umri wake au nafasi yake na anayasema waziwazi, mara nyingi ni mtoto au kijana. Yaani kujua kumoja, lakini cheo chako ndicho kinachoamua umepata konsonanti gani.

Na hilo linanipeleka kwenye jambo ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote hapa: haya maneno yana mwelekeo. Mengine yanapanda, mengine yanashuka, machache tu yanakwenda usawa. Utovu wa adabu na ujuvi ni tuhuma zinazoelekezwa kwa aliye chini, mtoto kwa mzazi, mwanafunzi kwa mwalimu, mfanyakazi kwa bosi. Sasa geuza. Bosi kamfokea mhudumu mbele ya wateja, kamwita mjinga, katupa karatasi chini. Utasikia watu wakisema bosi hana adabu? Mara chache sana, na wakisema wananong'ona. Watasema mkali. Watasema ana dharau, ana roho mbaya, mnyanyasaji. Lile neno la adabu haliendi juu, linagoma, kama vile adabu ni deni la mdogo kwa mkubwa na mkubwa yeye alishamaliza kulipa. Mi naona si sawa. Ila kuna faida ya kulijua, maana ukisikia mtu anaitwa mjuvi jiulize kwanza alifanya nini, mara nyingi utakuta aliuliza "kwa nini" na swali lilikuwa zuri na mwenye kuulizwa hakuwa na jibu.

Mama wa foleni alisema dharau. Dharau haihitaji neno lolote kutoka mdomoni, ni kumwona mtu si kitu na kumfanya aone kwamba unamwona si kitu. Kuongea na simu huku unamhudumia mtu ni dharau. Kusoma meseji ya mtu ukaiacha siku tatu bila kujibu halafu ukampostia vicheko kwenye grupu ambalo yumo, vijana wanasema umemchunia au umemkaushia, na wakikasirika wanasema una dharau, hawasemi huna adabu, na wako sahihi. Wakenya wanaliweka kwenye wingi kabisa, "uko na madharau", na kwa sikio langu ule wingi unaongeza uzito, kama vile mtu kayafungasha kwenye mfuko anatembea nayo.

Kiburi kinakaa chumba cha pili. Hicho ni cha ndani, mtu anaweza kuwa na kiburi mwaka mzima na asimkosee mtu, kajifungia nacho. Kikitoka nje ndipo kinapata majina: kikitoka kwenye mwendo na mavazi ni maringo, kikitoka kwenye maneno ya kujisifu ni majivuno, siku hizi vijana wanasema anajimwambafai, kikitoka kwenye uso na mabega ni nyodo. Nyodo ni neno la kuonea wivu lugha yetu, maana ni ile namna ya kumkatalia mtu kitu kwa mwili mzima, kichwa kimegeuka kidogo, mdomo umebetuka, mkono kiunoni, na bado hujasema hapana.

Kejeli, kebehi na dhihaka nazipitia haraka. Zote tatu ni dharau iliyopata sauti. Dhihaka inataka watu wacheke, kejeli inasema jambo kinyume ili limchome mhusika, kebehi haichekeshi hata kidogo, ni kumshusha tu. Zikisemwa kati ya watani hazihesabiwi, zikisemwa kati ya wageni ni kesi.

Sasa jeuri, ambayo wale wanne hakuna aliyeitaja mwanzoni kwa sababu ilikuwa haijatokea bado. Mhudumu alimwambia yule jamaa kwa upole kabisa, kaka naomba upange foleni. Jamaa akageuka, akatuangalia wote, akasema "kwani mtanifanya nini?"

Hiyo ndiyo jeuri. Neno hili kwa Kiarabu lilikuwa dhuluma, uonevu, na lile la uonevu halijatoka. Mshamba hajui, fidhuli anajua na anavuka, jeuri anavuka halafu anasimama upande wa pili anakungoja. Lazima ndani yake kuwe na nguvu au mtu aamini anazo, na Kiswahili kinalijua hilo kiasi kwamba jeuri ina maana ya uwezo pia. "Huna jeuri ya kununua ile nyumba" si tusi la tabia, maana yake huna ubavu. "Ana jeuri ya pesa" inabeba yote mawili kwa mpigo, anazo na zimempanda kichwani. Ndio maana ukimwambia mtu "acha jeuri" kidogo unamsifia, umekiri kwamba ana kitu cha kuachia. Fidhuli hana sifa hiyo. Sijawahi kusikia mtu anajisifu kwa ufidhuli, lakini wanaojisifu kwa jeuri nawajua kadhaa.

Hivyo hivyo uhuni umepanda cheo. Mhuni wa kamusi za zamani ni mzururaji asiye na makao wala mwenyewe, baadaye akawa mvunja taratibu, na leo kijana anawaita marafiki zake wa damu "wahuni wangu" kwa mapenzi yote. Utundu nao hivyo, mtoto mtundu anachapwa na fundi mtundu anasifiwa. Siku neno la ubaya likianza kuonekana ni la mtu mwenye kuthubutu, watu wanalivaa.

Halafu kuna makosa ya mdomo, ambayo yana maneno mengi kuliko yote na si ajabu, maana sisi adabu tumeiweka kwenye ulimi tangu zamani. Mwana Kupona, yule mshairi wa pwani, kwenye utendi wake wa 1858 anamwusia binti yake dini kwanza, pili adabu, na hapo hapo kwenye ubeti ule ule anataja ulimi. Anayesema bila kufikiri anaropoka. Anayesema kwa sauti kubwa mahali pasipofaa anapayuka. Anayekukata kabla hujamaliza anadakia. Hawa watatu wanaweza kuwa watu wema kabisa, breki tu hazishiki. Mwenye matusi ni habari nyingine, huyo ana mdomo mchafu, na ukitaka neno zito la vitabuni ni safihi. Ila angalia "ana mdomo", bila kuongeza chochote. Kila mtu ana mdomo, lakini ukisema "yule dada ana mdomo" hakuna atakayekuuliza wa namna gani.

Kuna wanaojificha hapa. Utasikia mtu kamkashifu mwenzake mbele za watu halafu anasema mimi ni mkweli tu, nimempa makavu. Kumpa mtu makavu ni kumwambia ukweli bila kuulainisha, na kuna wakati inatakiwa. Lakini ukweli una anayeuhitaji na saa ya kuusema, na ukiusema kwa asiyekuuliza, mbele ya wasiohusika, turudi kwenye asili ya fidhuli, mtu anayejiingiza. Anaweza kuwa mkweli na fidhuli kwa sentensi moja, hayo mawili hayagombani.

Siku hizi wengi wanakwepa maneno haya yote wanasema "mbona uko rude", hata wasiojua Kiingereza kingine. Zamani ilikuwa inanikera, nikiona ni uvivu wa kutafuta neno. Sasa naelewa kidogo. Lile la kukopa ni jepesi, halina mama ndani yake, halina shamba wala bara wala mtumwa wala cheo, unaweza kumwambia mtu wa rika lolote na akacheka mkaendelea. Bei yake ni kwamba halisemi kitu. Ukiambiwa fulani alikuwa rude hujui alisahau kukusalimia au alikutemea mate.

Basi pale foleni, baada ya lile "mtanifanya nini", wote tukanyamaza, na mzee akatikisa kichwa tu. Mama wa dharau ndiye aliyejibu. Hakusema neno, akasonya, msonyo mrefu wa taratibu uliosikika mpaka kwa mlinzi, na wale wanaosema kufyonya ni hicho hicho, ile sauti ya kuvuta mate kwenye meno ambayo haimo kwenye alfabeti. Jamaa akaruka kama kapigwa kofi. "Umesemaje?"

"Sijasema kitu," mama akasema, na kweli alikuwa hajasema.